Trela hii itabeba mifuko mingapi?

Matini ya kipindi cha redio kwa wakimbizi na jirani zao
Mahali: Rusizi, Rwanda
Mada: Kujua uzito ambao pikapu inaweza kuvuta bila hatari
Sauti: Mtangazaji, Mzungumzaji (dereva na fundi wa magari, mkazi wa Kamembe)

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNAPUNGUA.)

MTANGAZAJI: Mlioko hapa Nyarushishi, mlioko Kigeme na Mugombwa, Kiziba, Nyabiheke na Mahama, karibuni tena kwenye kipindi chenu.

Leo tuna swali kutoka kwa kikundi kimoja cha wasikilizaji. Wamechangishana pesa kidogo kidogo, wanataka kujenga banda la mashine ya kusaga. Wanahitaji mifuko 46 ya saruji. Wamepata mtu mwenye pikapu na trela. Amewaambia: mifuko 6 nyuma ya pikapu, 40 kwenye trela, watu watatu wa kikundi wakae ndani na dereva, safari moja tu kutoka Bugarama, kupita msitu wa Nyungwe, hadi Kigeme. Wanauliza: je, hilo gari linaweza?

Tumemwita mzee wetu mmoja aliyeendesha magari katika nchi hizi za Maziwa Makuu kwa miaka mingi. Papa, karibu.

MZUNGUMZAJI: Aksanti, mama. Nawasalimu nyote. Waliokaa na redio nje ya nyumba, waliokaa kwenye foleni ya maji, hamjambo.

Swali lenu ni zuri kwa sababu mmeuliza kabla ya kupakia. Mimi sikuuliza. Basi nianze na kosa langu mwenyewe, kisha tutafanya hesabu pamoja. Aliye na kalamu aiweke karibu.

Nilikuwa kijana, naendesha pikapu ya mtu. Wale wa Bukavu na Uvira wanaijua ile njia ya Ngomo. Mlima umesimama, bonde liko chini, barabara ni nyembamba. Ndiyo maana madereva wengi wanaotoka Bukavu kwenda Uvira huvuka mpaka, wakapita upande wa Rwanda, Kamembe hadi Bugarama, halafu wakarudi Kongo kwa Kamanyola. Nami nilipita huko. Nikajiambia: nimeikwepa Ngomo, sasa niko salama.

Nyuma nilifunga trela, ile tunayoiita remoki. Ilikuwa imetengenezwa na mafundi wa mtaani kwa ekseli ya gari bovu. Haikuwa na breki. Tuliijaza mbao mbichi. Utingo wangu akapanda juu ya mbao akakaa, kama walivyokuwa wakikaa siku zote.

Kupanda vilima hakukuwa na shida. Injini ilinguruma, gari likaenda. Mwenye gari alikuwa ameniambia kwamba injini ile ina nguvu ya kuvuta nyumba. Na kweli ilivuta. Lakini Kamembe kwenda Bugarama ni kushuka. Kule chini kwenye mto Rusizi ndiko mahali pa chini kuliko pote Rwanda, mita 950 kutoka usawa wa bahari. Nilishuka nikikanyaga breki, nikiachia, nikikanyaga. Nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Mara pedali ikazama chini kama nimekanyaga matope. Trela ikaanza kunisukuma.

Niliona upande mmoja korongo, upande mwingine ukingo wa mlima. Nikaliingiza gari kwenye ukingo. Lilisimama. Mbao hazikusimama. Kijana wangu alibaki hai, lakini mguu wake mmoja ulisagika, na mpaka leo anatembea kwa gongo. Alikuwa na miaka 19.

Fundi mmoja mzee aliyekuja kutazama gari aliniuliza maswali matatu tu. Pikapu yako tupu ina kilo ngapi? Trela yako tupu ina kilo ngapi? Ina breki? Sikuweza kujibu hata moja kwa kilo. Nilichokijua ni kwamba injini ina nguvu.

Basi, ndugu zangu, jambo lenyewe nililokuja kusema leo ni hili: uzito wa trela hauamuliwi na injini peke yake. Unaamuliwa pia na breki, na ekseli, na chasi, na ndoano, na barabara. Injini inaweza kuvuta mzigo ambao breki haziwezi kuusimamisha. Gari likishindwa kupanda, unapoteza siku moja. Likishindwa kusimama, kuna mtu ataumia.

(MUZIKI MFUPI.)

MZUNGUMZAJI: Sasa tufanye hesabu. Ni kujumlisha na kutoa tu. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Tunahitaji namba nne za pikapu na moja ya trela.

Namba ya kwanza ni uzito wa pikapu ikiwa tupu.

Namba ya pili ni uzito wa juu kabisa wa pikapu ikiwa imepakiwa: gari lenyewe, watu, mizigo, kila kitu kilichomo.

Namba ya tatu ni uzito wa juu wa trela inayoruhusiwa kuvutwa. Hii huwa mara mbili: moja ya trela yenye breki zake yenyewe, na nyingine ya trela isiyo na breki. Kwa pikapu nyingi za aina tunazoziona hapa, trela isiyo na breki haipaswi kuzidi kilo 750, pamoja na mzigo wake. Hata pikapu iliyoruhusiwa kuvuta tani 3 na nusu kwa trela yenye breki, ikifungwa trela isiyo na breki inarudi kwenye kilo 750. Msisahau namba hiyo.

Namba ya nne ni uzito wa juu wa pikapu na trela vikiwa pamoja. Hii ndiyo watu wengi hawaijui, na ndiyo inayoamua mambo mengi.

Namba hizi zinapatikana wapi? Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Au fungua boneti. Utaona bamba dogo la chuma au karatasi iliyobandikwa. Kwenye magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, bamba lina namba nne kutoka juu kwenda chini: uzito wa juu wa gari lililopakiwa, kisha uzito wa juu wa gari na trela pamoja, kisha uzito unaobebwa na ekseli ya mbele, kisha ule wa ekseli ya nyuma. Nyingine ziko kwenye kadi ya njano ya gari na kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kama bamba limeng'olewa na kitabu hakipo, nenda kwa fundi anayelijua gari la aina hiyo. Na kama hakuna anayejua, usibuni. Lichukulie gari hilo kuwa si la kuvuta trela nzito.

Tuseme sasa pikapu ya kikundi chetu ina namba hizi. Ni mfano tu, gari lenu litakuwa na zake. Tupu: kilo 1,900. Ikipakiwa, mwisho kilo 2,900. Trela yenye breki, mwisho kilo 2,500. Isiyo na breki, kilo 750. Pikapu na trela pamoja, mwisho kilo 4,800.

Tazameni hapo. Mtu atasema: pikapu inapakiwa hadi 2,900, trela inavutwa hadi 2,500, basi jumla ni 5,400. Hapana! Gari limeandikwa 4,800. Maana yake huwezi kujaza vyote viwili. Ukijaza pikapu, unapunguza trela. Kila mtu anayeingia kwenye pikapu na kila mfuko unaowekwa nyuma, kilo zake zinatolewa kwenye trela.

Tupime pikapu. Tupu ni 1,900. Watu wanne, yaani dereva na wenzetu watatu. Mtu mzima mhesabu kilo 70, na mizigo yake ya mkononi humo humo. Nne mara 70 ni 280. Mifuko 6 ya saruji, kila mmoja kilo 50, ni 300. Jumla: 1,900 na 280 na 300 ni kilo 2,480. Hiyo ndiyo pikapu yetu ikiwa imepakiwa.

Sasa tuichukue ile 4,800, tutoe 2,480. Inabaki 2,320. Hiyo ndiyo trela yote, yaani chuma na mzigo. Na trela tupu ina uzito wake. Tuseme ni kilo 600, maana trela hizi za ekseli ya gari la zamani ni nzito. Toa 600. Inabaki kilo 1,720 za mzigo. Gawa kwa 50. Mifuko 34.

Mwenye gari alisema 40. Hesabu inasema 34, tena kama trela ina breki zinazofanya kazi, na kama barabara ni ya tambarare, kama ile ya bonde la Bugarama kwenye mashamba ya mpunga. Lakini ninyi hamwendi tambarare. Mnakwenda Nyungwe.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Papa, wengi wetu tumepita Nyungwe ndani ya basi tulipohamishwa kutoka Nyarushishi. Tunakumbuka kona na baridi. Mlima unabadilisha nini kwenye hesabu?

MZUNGUMZAJI: Unabadilisha mambo mawili, mama.

La kwanza ni hewa. Bugarama iko chini, yapata mita 1,000. Barabara ya Nyungwe inapanda kupita mita 2,300. Kule juu hewa ni nyepesi, ndiyo maana mtu akipanda kwa miguu anahema. Injini nayo inahema. Dizeli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu 1 ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji wengi vinasema: ukiwa kwenye nchi ya milima mirefu, punguza uzito wa gari na trela kwa asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

La pili ni mteremko. Barabara inaposhuka mita 1 kwa kila mita 10 unazokwenda, gari na trela lenye tani 4 linasukumwa chini kwa nguvu ya kilo 400, bila kupumzika, mpaka mteremko uishe. Nguvu hiyo yote inazuiliwa na breki na injini. Mwendo nao unazidisha. Ukitoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, mwendo umekuwa mara mbili, lakini kazi ya breki imekuwa mara nne.

Kwa hiyo mimi, kwa njia ya Nyungwe, napunguza asilimia 20. Si sheria, ni tahadhari yangu, kwa ajili ya mwinuko, mvua na kona. Asilimia 20 ya 4,800 ni 960. Inabaki 3,840. Toa pikapu yetu iliyopakiwa, 2,480. Inabaki 1,360. Toa trela tupu, 600. Inabaki kilo 760. Mifuko 15.

Mnaona? Ni gari lile lile na trela ile ile. Tambarare mifuko 34, Nyungwe mifuko 15.

Na sasa swali la yule fundi mzee: ina breki? Inama chini ya trela, tazama nyuma ya matairi. Kama huoni ngoma ya breki, wala waya, wala mpira wa mafuta ya breki unaotoka mbele kwenda nyuma, trela hiyo haina breki. Basi hesabu yote niliyofanya inafutwa. Tunarudi kwenye 750. Toa trela tupu, 600. Inabaki kilo 150. Mifuko 3.

Mifuko mitatu, jamani. Hiyo ndiyo trela ambayo mtu anataka kuipakia 40.

Najua kuna anayecheka huko kambini, anasema: mzee, tumeona pikapu zikivuta trela kama hizo kila siku na hazikuanguka. Ni kweli. Na mimi nilikuwa nimevuta mbao siku nyingi kabla ya siku ile moja. Breki hazikuambii kwamba zimechoka mpaka zikiwa zimechoka.

Basi kikundi chetu kifanye nini? Rudini kwenye namba ya pili. Pikapu hii mwisho wake ni 2,900. Tupu ni 1,900. Inabeba kilo 1,000 mgongoni. Toa watu wanne, 280. Inabaki 720. Ni mifuko 14, bila trela kabisa. Kumbe pikapu peke yake, ikiachwa iende yenyewe, inabeba zaidi ya ikikokota ile trela isiyo na breki na mifuko yake 3.

Lakini mifuko 14 si 46. Mifuko 46 ni tani 2 na kilo 300. Huo si mzigo wa pikapu, ni mzigo wa lori. Lori dogo la tani 4, kama zile Fuso mnazoziona zikibeba mazao, linabeba mzigo huo bila kuhema na bado lina nafasi. Tafuteni kikundi kingine chenye mzigo wa kwenda huko huko, mchangie lori. Na mnapolinganisha bei, msiulize tu safari ni pesa ngapi. Chukueni bei, igaweni kwa mifuko ambayo gari linaweza kubeba kwa usalama. Mtaona mara nyingi pikapu ya bei rahisi ndiyo ghali. Tena saruji ikimwagika mtoni hakuna wa kuwalipa.

(MUZIKI MFUPI.)

MZUNGUMZAJI: Sasa niwaambie walio madereva, mafundi na utingo. Kambini humo mna watu wa kazi hiyo, nawajua.

Kwanza, kupima bila mizani kubwa. Hesabu vitu. Mfuko wa saruji ni kilo 50, imeandikwa. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na ushei. Gunia la maharage pima moja kwenye mizani ya sokoni, kisha zidisha. Mchanga ndio unaodanganya watu. Trela yenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na sentimita 20, ubavu wa sentimita 40, ukiijaza mchanga mkavu hadi ukingoni umeweka kama tani 1 na nusu. Ukinyeshewa, unazidi hapo. Kwa macho ni kisanduku kidogo tu.

Pili, mkono wa trela, ule unaoshika kwenye ndoano ya gari. Mkono huo lazima uikandamize ndoano, lakini kwa kiasi. Kipimo kizuri ni kati ya kilo 5 na 10 kwa kila kilo 100 za trela iliyopakiwa, na usizidi namba iliyogongwa kwenye ndoano yenyewe. Trela ya kilo 1,360 ikandamize kati ya kilo 70 na 135 hivi. Ukizidisha, nyuma ya pikapu inakaa chini, mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi na matairi ya mbele hayashiki barabara. Ukipunguza, trela inaanza kutikisa mkia kama mbwa, na mkia huo unaweza kulipindua gari.

Kuupima ni rahisi. Chukua mizani ya kuweka chini, ile ya magunia. Simamisha kipande cha mbao juu yake, kiwe na kimo cha ndoano. Weka mawe kwenye matairi ya trela isisogee, kisha tua mkono wa trela juu ya mbao. Soma. Ikiwa ni nyepesi, sogeza mzigo mbele kidogo. Ikiwa ni nzito, rudisha nyuma. Vitu vizito viwe chini, karibu na ekseli, vikielekea mbele kidogo. Vyepesi juu. Na kumbukeni kwamba uzito huo wa mkono unahesabiwa pia kwenye mgongo wa pikapu na kwenye ekseli yake ya nyuma.

Tatu, kabla ya kuondoka. Funga minyororo miwili ya akiba kati ya gari na trela, ipishane chini ya mkono kama msalaba, ili mkono ukichomoka udakwe, usichimbe barabara. Pini ya ndoano iwe na kufuli au waya. Taa za nyuma ziwake. Matairi yote yawe na upepo. Ukishakwenda kilomita chache, simama, shika kitovu cha gurudumu la trela kwa mgongo wa mkono. Likiwa la moto sana, huenda beringi imekwisha.

Nne, kwenye mteremko. Tia gia ya chini kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Iache injini ikushikilie. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, kisha achia zipoe. Usiweke mguu juu yake muda wote. Na wale wanaotoa gari kwenye gia au kuzima injini ili wabane mafuta, naomba mnisikie: injini ikizimwa, breki zinakuwa ngumu, na hakuna kinachokushikilia tena. Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali inalegea, tafuta mahali pa kusimama mapema, weka mawe kwenye matairi, ngoja nusu saa. Usimwagie maji ngoma ya moto, itapasuka.

Tano, trela ikianza kuyumba. Toa mguu kwenye mafuta taratibu. Shika usukani uwe umenyooka. Usikanyage breki ghafla, usijaribu kuikimbia, usizungushe usukani kuifuata. Mwendo ukipungua, itatulia yenyewe. Kisha simama upange upya mzigo.

Sita, leseni. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani uliweka kwamba leseni ya daraja B ni kwa gari dogo na trela nyepesi, isiyozidi kilo 750. Zaidi ya hapo, kwa kawaida ni daraja E. Anayewavuta kwa trela nzito mwombeni awaonyeshe leseni. Si kumdharau, ni kujilinda.

MTANGAZAJI: Papa, kuna wanaosema mkimbizi hana sauti ya kumwambia mwenye gari hapana. Akikataa, anaachwa barabarani.

MZUNGUMZAJI: Ni swali zito, mama, na sitalijibu kwa urahisi. Siku ile ya mbao, mimi nilihitaji ujira wa siku. Utingo wangu alihitaji kuliko mimi. Hakuna kati yetu aliyesema hapana.

Lakini nimejifunza kwamba mtu akisema tu "naogopa", wanamcheka. Akisema "pikapu yako mwisho wake ni 4,800 na tumeshafika 5,080", wanasimama kidogo wafikiri. Kwa mfano wenu, mifuko 40 kwenye trela ni kilo 2,000, na trela 600, na pikapu 2,480. Jumla 5,080. Tena trela yenyewe imefika 2,600, imepita hata ile 2,500 ya trela yenye breki. Namba haina kabila wala uraia. Mwonyesheni mwenye gari karatasi. Pengine naye hajawahi kuifanya hesabu hiyo, kama mimi. Na msiende mmoja mmoja. Nendeni kikundi, mkubaliane naye kabla hata mfuko mmoja haujapanda, kwa sababu mzigo ukishapanda, aibu ya kuushusha ni kubwa.

Na jambo moja msilikubali kwa bei yoyote: mtu kukaa juu ya trela. Akae mtoto, akae utingo, akae mama na mzigo wake, hapana. Trela haikutengenezwa kubeba mtu. Watu kumi juu ya mzigo wa pikapu nao ni kilo 700, na hawajafungwa kamba kama mifuko. Kama nafasi ndani ya gari imejaa, basi gari limejaa.

Yule kijana wangu sasa ni baba wa watoto. Tukikutana hanilaumu. Ananiita kaka. Ila kila nikiona trela imesimama sokoni inapakiwa, mimi huenda nikainama chini nikatazama kama ina breki. Watu wananiona kama mzee aliyechanganyikiwa. Sijali. Nanyi inameni mtazame.

Aksanti sana.

MTANGAZAJI: Aksanti sana nawe, Papa. Wasikilizaji, tukumbuke hesabu kwa ufupi. Chukua uzito wa juu wa pikapu na trela pamoja. Kwa milima, punguza. Toa pikapu tupu, toa watu, toa mizigo iliyo mgongoni. Kinachobaki kilinganishe na uzito wa juu wa trela, uchukue kilicho kidogo. Toa trela tupu. Hicho ndicho unachoweza kupakia. Na kama trela haina breki, yote pamoja yasizidi kilo 750.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika safari zenu za mizigo, nani huamua gari lipakie kiasi gani? Je, aliwahi kutaja namba yoyote?

2. Pikapu tupu ina kilo 1,800. Mwisho wa pikapu na trela pamoja ni kilo 4,500. Ndani mna watu watatu na magunia 4 ya kilo 100. Trela tupu ni kilo 500, ina breki, na mwisho wake ni kilo 2,000. Barabara ni tambarare. Trela itapakiwa kilo ngapi? (Jibu: pikapu imefika kilo 2,410. Kwa hesabu ya pamoja inabaki 2,090, lakini mwisho wa trela ni 2,000. Tunachukua kilicho kidogo, 2,000, tunatoa 500. Jibu ni kilo 1,500.)

3. Mwenye gari akisema "paneni juu ya mzigo, twende", kikundi chenu kitajibu nini, na nani atakuwa msemaji?

Kaeni salama. Tukutane wiki ijayo.

(MUZIKI WA KUFUNGA.)